Ndege Isiyopiga Hodi

Vijana wa kazini wameniomba niandike kidogo kabla sijasahau. Nimewajibu kwamba kusahau kumekwisha kuanza, kwa hiyo wasome haraka. Vyeo sitavitaja, maana mistari ya dhahabu begani haijawahi kumsaidia mtu kutua kwenye mvua. Wanachoniuliza kila mara, wakinywa chai wakisubiri zamu, ni kimoja tu: wewe uliyerusha ndege za kukodi na baadaye ukarusha za ratiba, kazi ipi ilikuwa bora? Huwa nawaambia za ratiba, kisha naulizia habari za watoto wao. Hapa sina wa kumuulizia watoto, basi nitajibu.

Mimi ni Sadiki, mtoto wa fundi cherehani wa Kamembe, mji wa mpakani kando ya ziwa. Baba alitaka nirithi cherehani yake. Alisema mtu mwenye akili hapandi kitu ambacho hawezi kukishona kikipasuka. Nilipata nafasi ya kusomea urubani ng'ambo, nikarudi na leseni mpya pamoja na suti ambayo baba aliipunguza mikono siku ileile, huku akiwalaumu walioishona. Suti ikanikaa vizuri ila kazi haikuwepo. Shirika la safari za ratiba lilikuwa limejaa marubani wake. Walionichukua ni kampuni ndogo ya ndege za kukodi, yenye ndege mbili na nusu. Hiyo nusu ilikaa nyuma ya ghala, kuku wakitaga kwenye kiti cha rubani, na sisi tukienda kuchomoa skrubu humo kila tulipopungukiwa.

Rubani mkuu aliitwa Deo, mtu wa kabila la Washi wa Bukavu aliyevuka mto wa mpakani zamani na kuhamia upande wetu na mkewe, Maman Yvonne. Hawakujaliwa mtoto. Deo alikuwa mfupi, mpole, na alivaa kofia ya sufu hata tuliposhuka kwenye joto la Bugarama kufuata mchele. Siku yangu ya kwanza nilimkuta akiwapima abiria kwenye mizani ya kahawa, mmoja mmoja, mbele ya watu wote. Nilidhani ni utani wa kumpokea mgeni.

Alikuwa amesimama mbele ya mama mmoja mfanyabiashara ambaye shingo yake ilikuwa nyembamba na mwili wake mpana kama kabati.

"Papa Deo, miye niko kilo sitini tu, unanijua," mama alisema.

"Weye uko sitini, Maman. Ile batu batatu umevaa chini njo bananisumbua."

Watu wakacheka. Mama naye akacheka, akaenda nyuma ya ghala, akarudi mwembamba, na furushi la vitenge kichwani. Deo akapima furushi pia. Kisha akanigeukia na kuniambia kwa Kiswahili chake kile cha ng'ambo ya mto: "Mutoto, kitabu yako inasema abiria ni kilo. Hapana. Kilo haisemaka bongo." Bongo kwao ni uongo, na njo ni ndiyo.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kusoma upya. Mafuta tuliyavuta kwenye mapipa kwa pampu ya mkono, tukiyachuja kwa ngozi laini, na Deo aliyakinga kidogo kwenye gilasi, akaiinua juu kuelekea mbinguni na kungoja. Maji hujificha chini ya mafuta, yanahitaji muda kujionyesha, na mtu mwenye haraka hayaoni. Mshale wa mafuta ndani ya ndege haukuaminika, kwa hiyo alikuwa na kijiti alichokichonga alama kwa kisu. Alikitumbukiza kwenye tangi kama mama anavyoonja mboga. Upepo wa ziwa alinifundisha kuufuata kwa moshi wa majiko. Mwezi wa Ramadhani, mimi nikiwa nimefunga, aliuweka mkate wake mfukoni mpaka tukatua, akaenda kuula nyuma ya mkia wa ndege. Nilimwambia haikuwa lazima. Akasema si dini, ni aibu tu, hawezi kutafuna karibu na sikio la muntu mwenye njaa.

Sasa nieleze hodi, maana ninyi mnaoanza leo hamjaiona. Simu hazikuwepo, au zilikuwepo kwa mkubwa mmoja na hazikuita. Aliyekodi ndege alijua siku ya kuondoka. Saa hakuijua, wala sisi hatukuijua. Ilitegemea mawingu ya msitu wa Nyungwe, matope ya huko tulikotoka, na kama mwenye mali amemaliza kubishana na wenzake. Basi kila tulipofika mahali, kabla ya kutua, tulipita chini mara moja juu ya makazi ya watu, tukiupandisha mlio wa injini na kuushusha. Mbuzi waliondoka uwanjani, sisi tukautazama moshi, na abiria akajua ameitwa. Hapo ndipo alipobeba mzigo wake na kuanza kutembea. Hakuna aliyekwenda kukaa uwanjani kungoja. Watu walingoja majumbani mwao, wakala, wakanyonyesha, wakaswali, ndege ikaja kuwaita.

Sisi wenyewe tuliita jambo hilo hodi. Tukiwa tunarudi Kamembe, Deo alipita juu ya kilima chake, akaupandisha mlio mara mbili, na Maman Yvonne akaweka maji ya ugali jikoni. Siku moja nilikuwa nimechoka nikaelekeza ndege moja kwa moja uwanjani. Deo akanitazama kwa mshangao.

"Unaingia kwa muntu bila hodi? Weye ni mwizi?"

Nikageuza, nikapiga hodi, nikatua.

Katika safari ngumu za miaka ile, moja ndiyo inayonirudia. Tulikuwa kwenye kiwanja kimoja cha msituni, huko ndani Kivu, tumekodiwa na mfanyabiashara wa madini wa Bukavu, Papa Buhendwa. Tulikuwa tumepiga hodi tulipofika. Mawe yakapakiwa, mawingu yakaanza kujikusanya upande wa mashariki, na Papa Buhendwa akaanza kutazama saa yake ya dhahabu. Ndipo mtu akaja mbio kusema kwamba kuna mama anakuja kutoka ng'ambo ya mto wa pale, amebeba mtoto mwenye homa kali. Alikuwa amesikia ndege.

"Tuende," alisema Papa Buhendwa. "Avion nimelipa miye. Ule mama hakulipa."

Deo alikaa chini ya bawa, akaivuta kofia mpaka machoni. "Alisikia hodi yetu akatoka kwake, Papa. Ukimuacha mu njia, umemudanganya."

Tuliwangoja. Mimi nilikuwa na hofu, sitaficha. Nilikuwa nikiyahesabu mawingu kama mtu anavyohesabu wadai mlangoni. Mama akatokea, matope mpaka magotini. Deo akampima na mtoto, akafikiri kidogo, akateremsha gunia moja la mawe. Papa Buhendwa aliongea maneno ambayo sikuyajua kwa Kishi, lakini niliyaelewa. Tulipaa tukauvuka ukingo wa ile mvua kwa ubavu. Nilipogeuka nyuma nikamwona Papa Buhendwa amempakata mtoto, maana mama alikuwa akitapika, na mtoto naye akamtapikia tajiri kwenye shati. Tulipofika, tajiri huyohuyo ndiye aliyewapeleka hospitali kwa gari lake. Mwezi uliofuata alikodi ndege kwetu tena, akaulizia kwanza kama rubani atakuwa Deo.

Nisije nikawapamba watu. Ndege za kukodi zimeua rafiki zangu. Mmoja aliingia kilimani kwa sababu aliona aibu kumwambia mteja kwamba haiwezekani. Vipuri vilikuwa vya kuombaomba. Hapakuwa na rubani wa pili isipokuwa siku za mafunzo kama zile zangu na Deo, na uchovu ulikuwa wako peke yako. Nilikuwa nimeoa. Mke wangu alikuwa hajui anipikie usiku upi, na alipokuwa mjamzito aliniambia kwamba anachoka kuwa mjane wa siku mbilimbili. Shirika la ratiba liliponiita, sikukesha nikiwaza. Nilikubali asubuhi ileile.

Nilikwenda kumwambia Deo nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilimkuta akipaka grisi kwenye gurudumu. Aliendelea kupaka mpaka akamaliza upande mmoja.

"Enda," alisema. "Kule moteur za ndege ni nzuri, na bibi yako atalala. Miye ningekuwa kijana, pengine miye pia ningeenda."

Kisha akaniuliza kama nitakuwa napita Kamembe. Nikamwambia ndiyo, ni moja ya vituo vyetu. Akasema ni vizuri, tutaonana, akahamia gurudumu la pili.

Kwenye ratiba nilianza upya, kiti cha kulia, rubani msaidizi. Kapteni wangu alikuwa mtu wa pwani, mrefu, nadhifu, mwenye Kiswahili kilichonyooka hata nikajisikia kama nimeingia ofisini na gumboti. Nilimheshimu na bado namheshimu. Kila kitu kilisomwa kwa sauti, hata yale ambayo mkono uliyajua wenyewe. Chakula kilikuja kwenye boksi. Mizigo ilipimwa na watu wengine, abiria wakahesabiwa na watu wengine, mlango ukafungwa na mtu mwingine, na mimi nikaona visogo vya abiria tu, wakishuka. Nilikuwa nikilala nyumbani. Mtoto wangu alinijua kwa sura, siyo kwa sauti ya injini. Hayo ni mema makubwa na sitaki mtu ayadharau.

Mara ya kwanza tulipokaribia Kamembe, mkono wangu ulianza kuelekeza ndege upande wa kilima.

"Unakwenda wapi?" Kapteni aliuliza.

"Kupiga hodi," nikasema, nikamweleza desturi yetu.

Alicheka, tena bila dharau. "Ndege ya ratiba haipigi hodi, Sadiki. Yenyewe ina ufunguo."

Alikuwa sawa. Saa imeandikwa kwenye tikiti, abiria anajua, kila mzunguko wa bure ni mafuta. Baada ya miezi kadhaa mkono wangu uliacha. Marubani wa kukodi waliponikuta kantini walinitania kwamba nimekuwa dereva wa basi, nami nikawajibu kwamba abiria wa basi hufika. Tulikuwa tukibishana hivyo mpaka chai inapoa. Wao walinionea wivu kwa vipuri, mimi niliwaonea wivu kwa kitu ambacho sikuweza kukitaja bila kuchekwa.

Halafu ikaja habari ya cheti cha Deo. Mnajua kwamba rubani hupimwa afya, na bila cheti cha daktari leseni ni karatasi ya kufungia maandazi. Daktari aliyekubaliwa kutupima sisi alikuwa akija Kigali mara chache, anakaa siku kadhaa na kuondoka. Deo alikuwa mtu mzima, damu yake ilianza kupanda, na cheti chake kilikuwa kinaelekea mwisho. Kikiisha kwa umri wake, sheria ilimtaka aanze vipimo upya ng'ambo, jambo ambalo kampuni yake isingelifanya hata kwa ndoto. Kwa maneno mengine, asipomwona daktari yule safari ile, hatarusha tena. Alijua, nami nilijua. Na Deo bila ndege sikuweza kumfikiria. Ni kama kumfikiria baba yangu bila tepu ya kupimia shingoni.

Ndege zao zote mbili zilikuwa zimefunguliwa injini. Barabara ya Kigali, ya kupitia Nyungwe, ilikuwa imekatwa na maporomoko. Ilibaki ndege yetu ya ratiba, ya kutoka Kigali na kurudi. Nilimpelekea tikiti mwenyewe, nyumbani kwake kilimani. Alikuwa hajawahi kuwa abiria maishani. Aliigeuzageuza ile tikiti, akaisogeza mbali na macho.

"Hii saa wameandika hapa, ni ya nani?"

"Ya ndege, Papa Deo."

"Ndege inajua saa?"

Maman Yvonne alicheka jikoni. Mimi nilimwambia kwa uzito kwamba huku mambo ni tofauti, mlango ukifungwa umefungwa, awahi uwanjani. Aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mtiifu.

"Na weye utakuwa mule ndani?"

"Nitakuwa ndani."

"Basi," akasema, akaiweka tikiti chini ya redio.

Siku yenyewe ukungu ulitushika Kigali. Tuliondoka tukiwa tumechelewa sana, na tulipofika juu ya ziwa wingu lilikuwa limeshuka likaifunika milima yote ya Kamembe. Palikuwa na tundu moja tu, juu ya uwanja wenyewe. Kapteni aliliona akalilenga.

Nilisema, "Kapteni, kuna abiria wetu mmoja anakaa kilimani pale. Kama tungepita kidogo."

"Kilima kipi?" alijibu, macho kwenye tundu. "Mimi sioni kilima."

Nami nilikuwa sikioni. Kupita chini ndani ya wingu lile, na watu nyuma yetu, ingekuwa wazimu, na Deo mwenyewe angenipiga kofi kwa kuwaza tu. Nilisoma orodha kwa sauti kama inavyotakiwa, magurudumu yakateremka, tukatua vizuri sana. Tuliteremka karibu kimya kabisa. Ndege zile zilikuwa na injini za kiungwana.

Abiria wa Kamembe walipanda. Deo hakuwemo. Nilitoka kitini, jambo lisilo la kawaida, nikasimama kwenye ngazi nikiitazama barabara. Mtu wa kituo aliliita jina lake, akaliita tena upande wa geti. Kapteni alingoja kuliko alivyopaswa, nataka hilo lijulikane. Lile tundu likaanza kujifumba.

"Sadiki," aliniita, kwa upole. "Ingia."

Niliingia. Mlango ukafungwa. Tulipaa.

Tuliporudi Kamembe safari iliyofuata, daktari alikuwa amekwisha kuondoka Kigali. Deo alikuwa amesimama kwenye uzio wa uwanja, kofia kichwani, akinisubiri mimi. Nilimwendea. Yeye ndiye aliyeanza kuongea.

"Pneu ilipasuka, mutoto. Pale chini ya soko. Nilisukuma gari mupaka nikashindwa. Usijisumbue, ni mambo ya barabara."

Aliniuliza habari za mtoto wangu. Aliniuliza kama injini ya kushoto bado inatetema, maana ameisikia ikitua. Nikaamini habari ya gurudumu, kwa sababu magurudumu hupasuka kila siku chini ya soko lile, na kwa sababu nilitaka sana kuamini.

Hakurusha tena. Kampuni ilimweka kijana mmoja, kisha ikauza ndege zote, hata ile nusu, na kuku wakatafutiwa pengine. Deo akamsaidia mkewe biashara. Walinunua mchele Bugarama na kuuvusha Bukavu kwa kupitia daraja la mpakani la Rusizi ya Kwanza, na mara nyingi nilimwona pale kati ya wabebaji, akisimamia magunia kwenye mizani, akitaniana na wamama. Hakuwahi kunung'unika mbele yangu. Lakini ndege ilipopita juu, mazungumzo yake yalikatika katikati ya neno, akasikiliza mpaka ikaisha, ndipo akaniuliza tulikuwa tunasema nini. Nilianza kukwepa kupita pale siku za safari.

Baadaye walihamia kwao Bukavu moja kwa moja. Kisha ikaja ile miaka ambayo nchi yetu ilipita pale ilipopita. Sitaiandika hapa, haya ni maandishi ya kazi, na ile haikuwa kazi. Ilipokwisha na njia kufunguka nilimtafuta Deo nikamkuta mzima, amezeeka, anaitwa Mzee na watoto wa mtaa mzima. Tulikaa mara nyingi, tukaongea injini zote za dunia. Siku ile ya ukungu hatukuigusa.

Nami nikawa kapteni wa ratiba. Nimefunga milango mingi. Nimewaona kwa dirisha langu watu wakikimbia uwanjani na masanduku, mama mwenye mtoto, bwana harusi mmoja na suti yake begani, na sikufungua. Kila mara nilikuwa na haki. Watu waliokuwa wamekwisha kukaa nao walikuwa na mahali pa kufika, na ratiba ni ahadi kwa wote, haimjui Deo wala Sadiki. Ukinibana leo niseme kama ningefanya vingine, nitakwambia hapana. Na bado najuta. Vijana, msidhani majuto huja kwa mkosaji peke yake. Nilichagua kazi iliyo salama zaidi, iliyonyooka zaidi, ikanilea na familia yangu, nami nimekuwa nikiililia ile nyingine kwa siri kama mtu aliyeoa vizuri anavyomkumbuka mchumba wa zamani. Mke wangu akisoma hapa ataelewa, na asipoelewa nitalala sebuleni.

Deo alifariki nikiwa safarini. Nilifika kuzikwa kwake kumekwisha, ratiba haina nafasi ya msiba. Nilipostaafu, kazi ya kwanza niliyojipa ni kumtembelea Maman Yvonne. Nilivuka mpaka kwa miguu pamoja na wafanyabiashara, nimebeba kilo chache za mchele wa Bugarama, na hakuna aliyenijua bila sare. Alinikaribisha kwa sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, na bugali, akakaa mbele yangu kuhakikisha nakula. Ni mzee sasa, ila masikio yake bado makali.

Tulimkumbuka mumewe, kofia yake, mkate wake wa mfukoni. Katika mazungumzo nikasema, karibu kwa kujifariji, kwamba gurudumu moja bovu lilimkatisha mtu kazi aliyoipenda.

"Pneu gani?" aliuliza.

"Ya siku ile. Iliyopasuka chini ya soko."

Maman Yvonne aliisogeza sahani yangu pembeni, akaifuta meza kwa kiganja ingawa ilikuwa safi.

"Alinikataza nikuambie," alisema. "Sasa amekufa, na weye umeacha kazi, sijui namulindia nani. Hakuna pneu ilipasuka, Sadiki. Gari ya jirani ilikuwa pa mulango tangu asubui. Deo alivaa viatu, akakaa pa baraza, begi pa magoti. Nilimuambia, tuende, saa ya karatasi imepita. Akasema, hapana, Sadiki iko mule ndani, atatuita."

Nje watoto walikuwa wakigombania mpira, akawakemea kidogo, kisha akanirudia.

"Mawingu ilikuwa mingi, hatukuona kitu. Tulisikia tu avion inashuka, polepole, moja kwa moja, bila kupita kwetu. Nikasimama. Nikasema, Deo, njo hiyo. Akanishika nguo, akanikalisha. Akasema, hapana, ile haiko ya Sadiki, Sadiki hawezi kupita mulango yangu kimya. Ile ni ya bengine. Ya mutoto wetu iko nyuma, inakuja."